Kaburi la Odoyo Ng'ambo ya Mpaka

Akinyi Obiero alikuwa mwalimu wa uraia huko Butimba, na jioni alisomea shahada ya uzamili ya uhusiano wa kimataifa katika chuo kimoja mjini Mwanza. Masomo ya darasani alikwisha kuyamaliza. Ilibaki tasnifu, juu ya mipaka ya nchi tatu ndani ya Ziwa Viktoria. Sebuleni kwake alikuwa amebandika ramani kubwa, yenye mstari uliokata maji ukiwa umenyooka kama uliopigwa kwa rula.

Mwezi wa nne, mtumbwi wa mdogo wake Odoyo, aliyekuwa mvuvi kwao Rorya, ulipinduliwa na dhoruba. Walimtafuta siku tano. Habari zilipokuja, alikuwa ameshazikwa. Ziwa lilimtupa upande wa Kenya, na watu wa mwalo mmoja, bandari ndogo ya wavuvi, mwili ukiwa umeharibika na mwenyewe hajulikani, wakamsitiri. Familia ilimtambua kwa picha ya shati iliyotumwa kwenye simu.

Wiki iliyofuata baba yao, mzee Obiero, alifika Butimba na begi moja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe si ndiye unayesomea mambo ya mataifa?"

"Ndiyo, baba."

"Basi nirudishie mwanangu. Mjaluo hazikwi kwenye boma la watu asiowajua."

Akinyi alikwenda kwa msimamizi wake, Dokta Chenge. Dokta alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole, kisha akachukua karatasi na kuanza kuandika: barua ya serikali ya kijiji, barua ya wizara, ubalozi, amri ya mahakama ya kule ya kufukua, cheti cha afya.

"Darasani nilikufundisha jinsi nchi zinavyozungumza," alisema. "Sikukuambia zinavyozungumza polepole. Kaa hapo, tuandike ya kwanza."

Miezi ikapita. Kila Akinyi alipotoka kazini alimkuta baba yake barazani, na swali lilikuwa lile lile: wamejibu? Siku moja alimkuta amesimama mbele ya ramani, kidole kwenye ule mstari.

"Odoyo aliuona huu?"

"Hakuna anayeuona, baba. Uko kwenye karatasi tu."

"Na huu ndio unaousomea?"

"Ndiyo."

Mzee aliondoa kidole kwenye ramani. Alirudi barazani akakaa. Kwa wiki mbili Akinyi hakuweza kuandika hata ukurasa mmoja. Kila alipofungua kompyuta aliona haya, kana kwamba amefumaniwa.

Kibali kilitoka mwezi wa nane. Akinyi na baba yake walivukia mpakani Sirari, na upande wa pili wakapokelewa na bwana afya na wachimbaji wawili. Walifika kwa mjane mmoja aitwaye Dorotea, ambaye nyumba yake ilikuwa jirani kabisa na ziwa. Aliwakaribisha kwa Kijaluo kile kile cha kwao. Kaburi lilikuwa limezungushiwa miti ya miiba ili mbuzi wasikanyage. Msalaba ulikuwa na tarehe tu.

"Hatukujua jina," Dorotea alisema. "Tulimlilia siku mbili hivyo hivyo. Mume wangu naye alichukuliwa na ziwa, hajaonekana mpaka leo. Nilipomwona huyu nilisema, huyu ana mama yake mahali."

"Mlimlaza upande gani wa nyumba?" mzee Obiero aliuliza.

"Kulia, kama mwanaume wa hapa."

"Nani alichimba?"

"Shemeji zangu."

Mzee alivua kofia. Alilizunguka kaburi taratibu, akiitazama ile miti ya miiba. Bwana afya akasogea, akauliza kwa upole kama waanze.

"Rudisheni majembe kwenye gari," mzee alisema.

"Baba! Kibali hiki tumekihangaikia miezi minne."

"Najua, mama. Kazi yako umeifanya. Sasa mwandikie jina lake."

Dorotea alileta kopo la rangi lililobaki kwenye kupaka mtumbwi, akalishika kwa mikono miwili, na Akinyi akaandika polepole msalabani: Odoyo Obiero. Machozi yaliyomkauka tangu mwezi wa nne yalimtoka hapo, mpaka herufi za mwisho zikapinda.

Mama yake, Akeyo, aliyekuwa amebaki Rorya, hakukubali uamuzi huo. Alimnunia mzee mpaka Krismasi. Kwa Akinyi alisema mara moja tu, kwenye simu: "Tulikutuma umlete, ukaenda kumwandika." Mwezi wa kwanza Akinyi aliwasilisha tasnifu. Dokta Chenge alimshauri aiingize habari ya kaburi. Alikataa, naye msimamizi hakumlazimisha.

Mwezi wa pili Akeyo alifunga mzigo wake, akasafiri peke yake mpaka kwa Dorotea. Alikaa huko siku nne. Aliporudi alimpigia Akinyi, na hakugusia kaburi hata kidogo. Alisema tu kwamba yule mama anasumbuliwa na magoti, hana wa kumsaidia kuvuna karanga, na kwamba mwezi wa sita atakwenda tena.