Wana Kumi na Mmoja wa Bi Khairiya

Kila asubuhi Kazija alianza vivi hivi. Alifungua madirisha ya ofisi yanayotazama kichochoro, akapangusa chokaa iliyodondoka usiku kutoka darini, akabonyeza kitufe cha kompyuta, kisha akenda jikoni kunywa chai. Kompyuta ile ilitaka muda wa kikombe kizima kuamka. Akirudi hukuta barua pepe zinamsubiri, naye huzijibu moja moja mpaka wageni wa nyumba washuke kutafuta chakula cha asubuhi.

Jumatatu ile alirudi na kukuta kioo cheusi chenye mstari mmoja mweupe, unaosema kwamba mfumo wa kuendeshea kompyuta haukuonekana. Akazima, akawasha. Mstari ukabaki pale pale.

Hakupata hata hamaki. Alikaa kitini akautazama tu, kwa uchovu wa miaka minne ya kuandikia watu kwamba ndiyo, maji ya moto yapo; na hapana, gari haziingii mpaka mlangoni. Mkobani alikuwa na barua kutoka chuoni Tunguu. Amepata nafasi ya shahada, masomo ni ya asubuhi mpaka alasiri, na athibitishe kabla ya saa kumi jioni siku ya Alhamisi. Bi Khairiya, mwenye nyumba ile ya wageni, hakuwa na habari. Kila siku Kazija alijiambia atamwambia wakishafunga ofisi, na kila siku ofisi ilifungwa na barua ikabaki mkobani.

Fundi Amour alikuja baada ya adhuhuri na begi lake la bisibisi.

"Shikamoo, Bi Khairiya."

"Marahaba, baba. Mgonjwa vipi?"

"Mgonjwa keshafariki, Bi. Hapa tunazungumza habari za sanda."

"Basi na mambo yangu yote yamezikwa?"

"Mambo yako nshayaokoa, yamo humu." Alionesha kidude kidogo mfano wa kipande cha kashata. "Disiki nitatia nyengine. Lakini mfumo lazima uwekwe upya, na hapo inabidi mchague. Windows mmeshaizoea, ila toleo jipya linataka mashine yenye nguvu kuliko hii. Mac haina usumbufu, lakini haikubali kukaa ndani ya boksi hili, itabidi ununue kompyuta yake. Linux ni ya bure, nyepesi, hapa itakimbia. Ila mtajifunza upya kila kitu kilipo."

Bi Khairiya alisikiliza kama anayeletewa posa tatu kwa siku moja.

"Wa kwanza tunamjua, lakini anataka nyumba kubwa," alisema. "Wa pili hataki kukaa kwetu. Wa tatu hana makuu, ila hatuwajui watu wake. Kazija, hebu niandikie wote watatu, uzuri wao na ubaya wao."

Kazija aliandika ukurasa mzima. Bi Khairiya aliuvalia miwani, akausoma hadi chini, akauliza, "Na printa?" Kazija akaongeza printa. Jumanne akauliza habari za virusi. Kazija akaongeza virusi. Jioni akasema hakuna haja ya haraka, posa haijibiwi kwa pupa. Muda wote huo barua za wageni zilijibiwa kwa simu, kwa vidole gumba, mpaka viganja vikamuuma Kazija.

Jumatano asubuhi Kazija, ambaye hakuwahi kumchagulia Bi Khairiya hata rangi ya pazia, alisema taratibu, "Tutie Linux, Bi. Tumalize."

Bi Khairiya alivua miwani. "Na siku ukiwa hupo, nani atanionesha vitu vilipo?"

"Nitaandika kwenye karatasi," alijibu Kazija, akaukimbilia mlango kumpigia Amour simu.

Amour aliutia mfumo, akarudisha barua, akarudisha na orodha ya anwani, akaaga. Orodha ile ilikuwa na desturi yake. Mgeni akija mara ya kwanza huandikwa jina la pasipoti. Akija mara ya pili, Bi Khairiya huvuta kiti mwenyewe, akalifuta jina lile kwa kidole kimoja na kuandika Mwanangu. "Kesharudi huyu, mgeni wa nini tena?" Hakubagua mwanamke wala mwanamume, hata babu mmoja wa mji wa Bergen aliyemzidi umri. Kazija aliwatambua kwa anwani zao, yeye peke yake. Alijua ni kumi.

Programu mpya ya barua haikuijua desturi hiyo. Iliona Mwanangu, na Mwanangu, na Mwanangu mwengine, ikauliza kama wote hao ni mtu mmoja na kama iwaunganishe. Kazija, macho yamejaa mchanga wa usingizi, alibonyeza Ndiyo.

"Mwandikie yule mwalimu wetu wa Oslo," Bi Khairiya alimwambia muda si mrefu. "Mwambie: mwanangu, chumba chako kiko tayari, njoo wakati wowote utakao."

Kazija aliyaandika kwa Kiingereza, akachagua jina Mwanangu, akapeleka. Mara simu yake ikalia mkobani. Akaitoa. Chumba chako kiko tayari, njoo wakati wowote utakao. Ni barua yake mwenyewe, kwa Kiingereza chake mwenyewe.

Alidhani mashine imekosea. Akaifungua orodha. Chini ya Mwanangu mmoja zilijipanga anwani kumi na moja, na ya mwisho ilikuwa yake. Iliingizwa miaka miwili nyuma, mwezi wa Machi. Kazija aliukumbuka mwezi ule. Ndio aliorudi kazini, baada ya siku arubaini za kumuuguza mama yake huko Makunduchi.

Alikwenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Alhamisi majibu yalikuwa yamefika. Babu wa Bergen aliuliza kama kuna mgonjwa. Wawili walikuwa wakitafuta tiketi. Mmoja alisema analia, na hakueleza kwa nini. Bi Khairiya alisomewa yote, akacheka mpaka akajipangusa machozi kwa ncha ya mtandio.

"Waje wote! Tutawalaza juu ya dari!"

"Wameandikiwa kwa makosa, Bi. Mie ndiye niliyewaunganisha."

"Basi watenganishe. Nnakaa nawe."

Wakakaa. Anwani moja moja, Kazija aliuliza na Bi Khairiya akakumbuka: huyu ndiye asiyekula pweza, huyu aliyetia ufunguo kisimani, huyu aliyeletwa na mumewe mara ya kwanza na mara ya pili akaja peke yake. Kazija aliandika majina yao ya kweli, na mbele ya kila jina akaacha neno Mwanangu. Ilipofika saa tisa na nusu walikuwa wameshamaliza kumi.

"Huyo wa mwisho muache," alisema Bi Khairiya, akitazama pembeni.

"Lazima aandikwe jina, Bi. Atakayekuja hapa hatonijua."

"Atakayekuja nani?"

Kichochoroni mtu alipita na pikipiki, sauti ikajaa ofisini, kisha ikaondoka. Kazija aliona mikono yake imelala juu ya kibodi, imechoka kama ya bibi mkongwe.

"Ile printa," Bi Khairiya alisema polepole, "na vile virusi. Unadhani nilikuwa na haja navyo? Nilikuwa nikikungoja wewe tu. Tangu Jumatatu unaushika mkoba kama una yai ndani. Sema, mwanangu. Mie siwezi kukusemea."

Kazija aliitoa barua, akaiweka juu ya meza baina yao. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Nimepata nafasi Tunguu. Leo ndiyo mwisho wa kujibu. Nimechoka, Bi Khairiya, na nnataka kwenda kusoma. Nnataka kwenda, na nikirudi, nnataka chumba changu kiwe tayari."