Upande wa Ndani wa Satini

Kila asubuhi, kabla hatujafungua mlango wa mbele, nilikuwa namwaga droo moja ya vifungo juu ya kaunta na kuvipanga upya. Wateja huvichanganya wakitafuta, na mimi sipendi kuona kifungo cha koti kimelala na vya blauzi. Tabby, mwenzangu wa kaunta, alikuwa akifagia, maji ya chai yakichemka huko nyuma. Ilikuwa Alhamisi, nami nilikuwa nimefika kwenye vifungo vyeusi vya matundu manne, ngazi ilipogonga ukuta wa nje kwa kishindo. Droo ikaniponyoka, vifungo vikatawanyika hadi chini ya rafu.

Tulitoka kuangalia. Fundi alikuwa juu ya ngazi na bisibisi yake, akilegeza kibao kilichoandikwa Magda Drapers. Tabby alimuuliza kama amepotea njia. Akajibu kwa upole kwamba ametumwa na mwenye duka, na kwamba alidhani tunajua.

Hatukujua, ila tungeweza kukisia. Magda Drapers ilikuwa na maduka matatu: la kwanza Thika, la pili hili letu la Ruiru, la tatu Mugutha. La Mugutha lilifungwa Januari. Kwetu hakuna jora jipya lililoingia tangu Pasaka. Tulikuwa tukiyavuta majora ya nyuma yaje mbele ili rafu zisionyeshe mapengo. Na uzi mweupe ulikuwa umeisha wiki tatu zilizopita. Nilisomea mambo ya nguo na vitambaa chuoni Thika kwa miaka miwili, lakini hilo sikufundishwa darasani: duka la vitambaa likikosa uzi mweupe na asiwepo wa kuuleta, limekwisha.

Mama Githae alifika saa tatu na pickup. Magda wa kwenye kibao ni yeye, Magdalene, ila sisi tulimwita kwa jina la mwanawe. Hakuzunguka. Alisema watu siku hizi wanaagiza gauni kwenye simu hata kabla ya kujua limeshonwa kwa kitambaa gani, na kwamba Ruiru inafungwa leo. Thika itabaki, lakini nusu yake ataikodisha kwa muuza simu. Nusu itakayobaki inahitaji mtu mmoja tu wa kaunta. Atakuwa Tabby, kwa sababu Tabby anajua kuongea na wateja. Mimi ataniandikia barua nzuri ya kunipendekeza kwingine.

Nikasema sawa.

Tabby alinitazama. Tulipokuwa tukikunja lesi nyuma, aliniambia kwamba nyumba ikiungua nikiwa ndani nitauambia moto sawa, karibu. Alisema kwa kicheko, lakini hakunitazama usoni, maana nafasi hiyo alikuwa ameipata yeye.

Haikuwa sawa. Sikutaka kwenda kuuza sabuni kwenye supamaketi na diploma yangu kabatini. Nilitaka kubaki na vitambaa. Kitambaa ndicho kitu ninachokijua bila kusitasita: nikikishika najua kitapungua kiasi gani kikifuliwa, kitakaaje begani, kitachakaa wapi kwanza. Nusu ile ya Thika ilinikaa kichwani tangu Mama Githae alipoitaja. Niliiona na meza ya kukatia, cherehani mbili, na Kitabu.

Kitabu kilikaa chini ya kaunta, daftari nene lililovimba kama mkate. Kikundi chochote kikichagua sare kwetu, kwaya au chama cha akina mama, tulikata kipande cha vidole viwili tukakibana ukurasani kwa pini, na pembeni jina la kikundi na mwaka. Mwanamke akijiunga miaka mitano baadaye, au akinenepa, anarudi kwetu anapata rangi ile ile. Maduka yote matatu yalijengwa kwa Kitabu hicho. Na ni Kitabu hicho hicho kilichotuangusha, nami nilikuwepo.

Mwaka jana kikundi kimoja cha Juja kiliagiza gauni sita za wanachama wapya. Githae, mwana wa Mama, ndiye aliyekuwa akisimamia maagizo. Alifungua Kitabu, akalinganisha kipande na jora chini ya taa, vikafanana kabisa, akatoa amri watu washone. Mimi nilikuwa nimewapima wale wapya. Nilikuwa nimeziona gauni za zamani miilini mwa wenzao waliowasindikiza, na nilijua. Lakini alikuwa mwana wa mwenye duka, na Kitabu kilikuwa upande wake. Nikanyamaza. Jumapili ile wapya sita walisimama katikati ya wenzao wakang'aa kama taa za pikipiki. Kikundi hakikurudi. Na akina mama wa kanisa moja wana dada na mashemeji katika makanisa mengine kumi.

Tulikuwa tumejaza nusu ya pickup Mutheu alipoingia. Ni mwenyekiti wa kwaya ya akina mama huko Ngoliba, mkulima, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe toka bonde la pili. Mimi ndiye niliyemwambia kwa simu wiki iliyopita aje Alhamisi. Huwa namwita Mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu Ukambani.

Alitazama rafu tupu, akatazama mahali kibao kilipokuwa. Akauliza kama amekuja kununua au kuzika.

Mama Githae alimkaribisha kwa heshima na kumpa kiti. Mutheu akaeleza shida yake: wanachama wapya wanne, satini ya zambarau waliyochagua mwaka wa elfu mbili na kumi na nne, na ibada kubwa ya shukrani wiki mbili zijazo. Tabby alikuwa ameshachomoa Kitabu kwenye katoni. Akapata ukurasa, akapanda kwenye pickup, akarudi na jora la zambarau begani. Akaweka kipande juu yake. Huwezi kuona mwisho wa kimoja na mwanzo wa kingine.

"Si unaona, Mama?" Tabby alimwambia Mutheu. "Ni kama mapacha."

Mama Githae alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Tabby akachukua mkasi.

"Siyo hiyo," nikasema.

Wote waligeuka. Nadhani hata mimi nilitafuta nani amesema.

"Siyo nini?" Tabby akauliza. "Kitabu kinasema ndiyo."

"Kitabu hakijawahi kufuliwa."

Nilimwomba Mutheu anionyeshe gauni lake. Alikuwa amelibeba kwenye kiondo. Nikalichukua pamoja na jora, nikatoka navyo hadi barazani penye jua, wao wakanifuata, na fundi wa kibao akasogea atupishe. Chini ya taa gauni lilionekana zambarau kama kipande. Juani lilikuwa limepoa. Zaidi ya miaka kumi ya sabuni na kamba za kuanikia ilikuwa imelitoa mng'ao, na kuacha rangi tulivu kama ua la jakaranda lililokwisha kuanguka. Kando yake lile jora lilipiga kelele.

Mama Githae alilitazama gauni, akalitazama jora, na nikaona amewakumbuka watu wa Juja. Mutheu alianza kulikunja gauni lake polepole, kama mtu aliyepoteza nauli.

"Ngoja, Mwaitu," nikasema.

Nikaligeuza jora. Satini ina nyuso mbili. Wa nje unang'aa, ndio watu wanaoununua; wa ndani haung'ai, na hakuna anayeuangalia. Nikaulaza ule wa ndani juu ya gauni, nikarudi nyuma hatua mbili.

Mutheu aliupapasa kwa kiganja, akapeleka mkono kwenye gauni, akaurudisha. "Hii ndiyo yetu," akasema.

"Mwambie fundi wenu ashone huu upande ukiwa nje," nikamwambia. "Asije akakurekebishia akidhani umekosea."

Mkasi nilishika mwenyewe. Nilikata mita kumi na mbili juu ya kaunta, nikaongeza shubiri moja kama desturi yetu, nikamfungia. Tabby alishika upande wa pili wa kitambaa kisiteleze. Alininong'oneza kwamba kumbe nina sauti, na miaka mitatu yote nilikuwa nimeiweka wapi, kwenye droo ya vifungo?

Mutheu alipoondoka, Mama Githae alikuwa amekalia kiti alichomwachia, jora likiwa mapajani mwake, akiligeuza nje ndani, nje ndani.

"Ndanu. Jambo hili umelijua tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, Mama. Gauni za zamani za Juja niliziona kabla zile mpya hazijashonwa. Sikusema."

Nilingoja anigombeze, na ningelipokea karipio hilo, lilikuwa haki yake. Badala yake aliniambia ataandika kwenye ile barua kwamba nina macho kuliko mwanawe, na kwamba popote nitakapokwenda watanishukuru.

Niliweka mkasi chini.

"Sitaki barua, Mama. Nataka ile nusu ya Thika unayotaka kumpa mtu wa simu. Tabby akae mbele aongee na watu, mimi nikae huko na Kitabu na cherehani, nishone sare za vikundi. Nawajua kwa nguo zao, kuanzia Mugutha mpaka Ngoliba, na watu wa Juja nitawaendea mwenyewe niwaombe msamaha. Niliitaka tangu ulipoitaja asubuhi, nikasema sawa. Haikuwa sawa. Naitaka."