Nzuri Tu, Baba

Mimi naitwa Celestina, na watu wa Nyakahanga wakikuambia nina mdomo, waamini. Nina duka la stesheneri karibu na hospitali: mashine mbili za fotokopi, kompyuta moja inayojizima ikipenda, na benchi la wateja. Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana wa Karagwe na Kyerwa wanajazana pale niwaombee vyuo mtandaoni. Wakishachaguliwa wanarudi kuchapisha barua za kujiunga, na hapo ndipo ninapowapa semina ya bure, watake wasitake.

"Godoro usibebe, utalinunua hukohuko. Vyeti halisi usivitupie kwenye buti la basi, vikae mapajani. Na wewe, mkungu wa ndizi wa nini? Unaenda chuo au gulioni? Mama akilazimisha, pokea, mshukuru, halafu mwachie konda."

Wanacheka. Wazazi nao wanacheka, kisha wanainua macho kwenye ukuta ulio nyuma yangu na kuitazama picha.

Picha yenyewe ni mimi nimevaa joho jeusi na kofia yake, mkononi nimeshika karatasi iliyoviringishwa na kufungwa utepe mwekundu. Kwa ajili ya picha hiyo niliitwa Msomi. Kanisani Msomi, gengeni Msomi, hata bodaboda wakigombania kunipakia ni Msomi, Msomi. Mama alikuwa na nakala yake kabatini, ameifunika kwa kitambaa cha kufuma, na aliitoa kila alipopata mgeni. Alifariki mwaka juzi.

Basi mwaka jana, mwezi wa kumi, asubuhi ya Jumanne, wakaingia Mzee Muhwezi na mwanawe Akankwasa. Walikuwa wametoka kijijini kwao Songambele alfajiri kuja hospitali, kwa sababu chuo kilitaka kijana apimwe afya na daktari agonge muhuri kwenye fomu. Muhwezi ni mfugaji, mtu mrefu mwenye kofia ya pama, na fimbo yake haiachi hata akiketi. Kijana alikuwa mrefu vilevile, mtulivu kupita kiasi, mikono ameifunga nyuma.

"Shikamoo dada," akaniambia huku anatazama sakafu.

"Marahaba. Lete fomu tuitoe kopi."

Mzee akaketi kwenye benchi na kunyoosha miguu. "Msomi," akasema, "huyu ndiye wa kwanza kwenda chuo kutoka boma langu. Nyuma yake yupo dada yake, Kyomuhendo, kidato cha tatu, naye kichwa anacho. Ndugu zangu wananicheka, eti mtoto wa mfugaji chuoni atakwenda kupotea tu. Nikawaambia, nendeni Nyakahanga kwenye duka la fotokopi, mkaone picha ya binti wa watu wa kibanja, watu wa migomba na kahawa kama jirani zetu. Huyu akifaulu, na dada yake atakwenda. Akirudi mikono mitupu, basi. Hakuna mwingine atakayetoka kwangu, watachunga wote." Alisema hayo kwa upole kabisa, bila kutishia mtu.

Nikaanza semina yangu. Nilipofika kwenye usajili nikapandisha sauti, maana hapo huwa sicheki.

"Sikiliza, Akankwasa. Kujisajili ni mara mbili. Kwanza unapeleka vyeti, unapewa kitambulisho. Wengi wanadhani wamemaliza, wanakwenda zao kulala. Bado! Unaingia kwenye mfumo wa chuo, unachagua masomo yako moja moja, unathibitisha. Usipofanya hivyo, darasani utakaa na daftari utaandika, lakini kwenye orodha haupo. Umeelewa?"

"Ndiyo."

"Haya, nirudishie."

"Napeleka vyeti, napewa kitambulisho."

"Halafu?"

Akatabasamu kwa adabu.

"Hujaelewa wewe."

"Nimeelewa, dada."

Mh! Nikageuka kwenye kompyuta, nikachapa jina lake, na mwaka wa kuzaliwa nikaweka makusudi 1985. Nikamgeuzia kioo. "Soma hapa. Taarifa zako ni sahihi?"

Akainama, akasoma taratibu, nikaona kabisa macho yake yamesimama kwenye ule mwaka. "Ni sahihi, dada."

"Sahihi? Wewe una miaka arobaini? Baba yako alikuzaa akiwa shule ya msingi?"

Muhwezi ndiye aliyecheka, tena kwa kujivunia. "Huyo tumemlea. Habishani na mtu mzima."

Hapo damu ikanichemka. Sikumkasirikia kijana, Mungu ni shahidi. Nilijiona mimi mwenyewe nimesimama pale, na "ndiyo" yangu iko tayari mdomoni kabla swali halijaisha. Nilijua kwa hakika kwamba palepale nilipoangukia mimi ndipo atakapoangukia yeye, na akianguka, Kyomuhendo amekwenda naye.

"Sasa mweleze," Muhwezi akasema, akielekeza fimbo ukutani. "Wewe ulifanyaje mpaka ukavaa lile joho?"

Nina jibu langu la kila mwaka: bidii, sala, marafiki wema. Lilifika mpaka kwenye ulimi. Badala yake nikavuta kiti, nikapanda, nikaishusha picha na kuilaza mezani mbele yao.

"Joho hili niliazima, mzee. Mimi nilidisko mwaka wa kwanza."

"Ulifanya nini?"

"Nilifukuzwa chuo. Sina digrii. Sijahitimu kitu chochote."

Nikaendelea, maana ningenyamaza nisingeweza kuanza tena.

"Nilikuwa Dodoma, chuo hichohicho anachokwenda huyu. Hiyo hatua ya pili ya usajili sikuijua. Wiki ya tatu mhadhiri akabandika orodha ya darasa, jina langu halimo. Akauliza, nani hajaona jina lake? Wakanyoosha mkono watu wanne. Mimi sikunyoosha. Nilijisemea, mtu mzima yule, ataona mwenyewe kwamba kuna mtu amesahauliwa, ataniita. Siku nyingine nikajikaza nikaenda mpaka ofisini. Nikasimama mlangoni, mikono nyuma kama huyu mwanao, nikingoja niulizwe nimefuata nini. Watu wakanipita wakiingia na kutoka. Hakuna aliyeniuliza, nikarudi bwenini. Na baba yangu alikuwa akinipigia kila Jumapili, habari za huko? Nzuri tu, baba. Jumapili kumi na tatu, mzee! Siku ya mtihani msimamizi akatafuta jina langu kwenye karatasi, halipo. Nikatolewa mlangoni wenzangu wote wananitazama."

"Mbona hukurudi nyumbani?" Muhwezi akauliza taratibu.

"Niliogopa. Nikapata kazi kwenye stesheneri nje ya geti la chuo, nikawa nawachapia wenzangu kazi zao miaka mitatu. Ndiyo maana mambo ya chuo nayajua yote. Walipohitimu, mmoja akanivalisha joho lake nikapiga picha."

"Na mama yako?"

"Alikufa akiamini." Nililia mbele ya wateja, na sikuona haya.

Muhwezi akasimama. "Nimewaambia watu wangu wote," akasema. "Wote! Nimewaambia nendeni mkaone. Kumbe nimewatuma wakaone nguo ya kuazima." Akakusanya karatasi za mwanawe, akazitia kwenye mfuko. "Twende."

Akankwasa alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu waingie, kisha akamfuata baba yake. Nikatoka nje nikipiga kelele: "Mzee, kijana ana akili! Usimzuie kwa ajili yangu!" Hakugeuka. Walipanda bodaboda, kijana katikati, wakaondoka.

Habari ilizunguka mji mzima kabla ya chakula cha mchana. Placidia, fundi cherehani wa mlango wa pili, aliniita "Msomi wa Ukutani" wiki nzima, na kwa sababu ni rafiki yangu nikamwacha. Wengine walinong'onezana kanisani. Wateja waliendelea kuja, watakwenda wapi? Mashine ya fotokopi haiulizi cheti.

Ila jina halikuniuma kama nilivyodhania miaka yote. Kilichoninyima raha ni Songambele. Akilini nilimwona yule kijana anachunga, na dada yake nyuma yake, na mlango wa boma nimeufunga mimi kwa ulimi wangu. Vyuo vikafunguliwa. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, sijui kama kaenda au hakwenda. Siku moja nilikodi bodaboda nikamwulize mzee mwenyewe. Nilishavaa helmeti nikashuka. Aibu ilinizidi nguvu, tena mimi huyu ninayefokea watoto wa watu.

Wiki ya tatu, Alhamisi, Mzee Muhwezi akaingia peke yake. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi kwenye benchi lilelile. Akautazama ukuta, pale ilipokuwa picha rangi imebaki mpya. Nilitaka kungoja aseme kilichomleta, kama tulivyofundishwa. Nikasema hapana, leo nauliza.

"Mzee, una shida gani?"

Akashusha pumzi. "Nilimpeleka."

Jamani, nilishika meza.

"Siku mbili sikusema na mtu nyumbani," akaendelea. "Ya tatu nikampandisha basi mwenyewe. Tangu afike nimempigia mara tatu. Namwuliza habari, ananijibu nzuri tu, baba. Zamani ningelala usingizi wangu. Sasa nikisikia hiyo nzuri, nakuona wewe umesimama kwenye ule mlango, mikono nyuma. Ng'ombe wangu akiugua nagusa pua, natazama kama anacheua, sihitaji anieleze. Huyu aliye Dodoma nitamgusa wapi? Umeniharibia usingizi, binti. Sasa nisaidie."

"Mpigie. Sasa hivi, hapahapa. Tena usimwulize habari."

Akatoa simu, akaiweka sauti kubwa. Ilikuwa saa nne asubuhi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Habari za huko?"

Nikapiga meza kofi. Ebo! Si nimemwambia sasa hivi?

"Nzuri tu, baba."

Muhwezi akafumba macho. Alipoyafumbua akaisogeza simu karibu na mdomo. "Akankwasa, hiyo nzuri iweke pembeni. Niko Nyakahanga kwa Celestina, nimeketi, sina safari. Ukiniambia mbaya sitakasirika. Sitakurudisha nyumbani. Nakuuliza tena, mwanangu."

Tukasikia watu wanapita huko aliko, wanacheka. Niliuma mdomo mpaka ukauma kweli.

"Mbaya, baba."

Muhwezi akaishika fimbo kwa mikono miwili. "Sema."

"Wamebandika orodha jana. Somo moja la lazima, jina langu halipo. Nilijisajili mara mbili kama dada alivyonifundisha, lakini hilo moja lilikataa. Nikaona aibu kuuliza. Nilifikiri wataona wenyewe."

Mzee akanisukumia simu. Nami nikafoka kama kawaida yangu: "Uko wapi?"

"Bwenini, dada."

"Vaa viatu! Ofisi iko wazi saa hizi. Usisimame mlangoni, unanisikia? Gonga, uingie. Usingoje mtu akuulize umefuata nini, hakuna atakayekuuliza!"

"Nd..." akaanza, kisha akakwama. "Dada, ofisi ipi? Sijui."

Sijui! Nilitaka kumkumbatia. Nikamwelekeza, jengo la idara yake, amtafute mratibu wa masomo.

Muhwezi akaichukua simu. "Sikati," akamwambia. "Itie mfukoni hivyohivyo, utembee. Nimejiunga na kifurushi cha dakika za wiki nzima."

Tukaiweka simu katikati ya meza. Tukasikia nguo inakwaruza, mlango, kisha hatua kwenye changarawe. Mteja mmoja akaja na karatasi zake, nikamwonyesha kwa mkono angoje. Placidia alichungulia, akaona nyuso zetu, akaingia akasimama bila kutania mtu. Hatua zikapanda ngazi. Zikasimama.

Zikasimama muda mrefu. Nilijua yuko wapi. Mlango ule naujua, na nilipojitazama niliona mikono yangu mwenyewe imekwenda nyuma. Machozi yakawa yananitoka tu.

"Ingia, mwanangu," Muhwezi akanong'ona, ingawa simu ilikuwa mfukoni na mtoto hawezi kumsikia.

Tukasikia mlango unagongwa mara mbili, ukafunguka. Halafu sauti yake, mbali kidogo, lakini kila neno linasikika:

"Shikamoo mama. Naitwa Akankwasa Muhwezi, mwaka wa kwanza. Nina shida."