Sinia Moja Katika Tanuri la Lorch

Bi Maltby aliapa kwa kaburi la mamake kwamba shemeji yake alimwona Mjerumani juu ya paa. Kwa maelezo yake, ilikuwa Ijumaa, giza limeshaingia, na Lorch mwoka mikate alikuwa amepanda juu ya duka lake na taa mkononi. Akaiinua ile taa, akaishusha, akaiinua tena, na kule mtoni meli isiyo na bendera ikamjibu vivyo hivyo. Shemeji alisimama chini akitazama mpaka shingo ikamkakamaa. Kisha Lorch akashuka, akafunga mlango, na ndani ya duka zikasikika kelele za vyuma vikigongana kwenye magunia ya unga.

"Vyuma gani hivyo?" aliuliza mwanamke mmoja aliyekuwa akikinga maji.

"Bunduki, mwanangu. Wewe ulidhani vijiko?"

"Na shemeji yako alikuwa anatoka wapi?"

"Kilabuni."

"Aa, basi hizo meli aliziona mbili."

Wanawake wote pale bombani wakacheka, lakini kicheko hakikudumu. Mwaka ule wa 1909 magazeti yalikuwa yakihesabu manowari za Wajerumani kila asubuhi, kama mtu anavyohesabu kuku wa jirani aliyekosana naye. Mtu hakuweza tena kumcheka Mjerumani mpaka mwisho. Bi Maltby akafunga kitambaa chake vizuri kichwani, akasema, "Chekeni tu. Mimi nyama yangu naichemsha nyumbani. Kwa yule shushushu haiendi."

Asubuhi hiyo ya Jumapili Selina Thirkell alikuwa nyuma yao na ndoo yake. Habari ya paa aliijua vizuri. Ijumaa upepo wa baharini ulikuwa umeng'oa bati la bomba la moshi, na Konrad Lorch alipanda kulirudisha. Hakuwa na mtu wa kumshikia ngazi. Aliyemshikia ni yeye, Selina. Lakini angesema nini pale bombani? Msichana aliyeshika ngazi ya kapera gizani ana kesi yake, na kesi hiyo haihitaji manowari. Akakinga maji yake, akaenda zake.

Njiani maneno ya Konrad yalikuwa yakimzunguka kichwani. Alipomaliza kushuka ngazi ile Ijumaa, hakumshika mkono kama alivyozoea. Alijifuta masizi kwenye aproni, akasema taratibu, "Selina, Jumapili hii nawasha tanuri kwa mara ya mwisho. Likikaa tupu, Jumanne napanda meli ya kurudi kwetu, Bremen."

Nyumba za mtaa wao pale Hull, mji wa bandari Uingereza, hazikuwa na tanuri. Zilikuwa na meko madogo ya kuchemshia chai, na makaa yenyewe yalikuwa yamepanda bei. Kwa hiyo kila Jumapili, toka enzi za bibi zao, wanawake walipeleka masinia yao kwa mwoka mikate: kipande cha nyama juu, viazi pembeni, na chini yake uji mzito wa unga, mayai na maziwa, ambao ukipata moto na mafuta ya nyama huumuka ukawa pudini. Wao wakenda kanisani, wanaume wakenda kilabuni, na mchana kila mmoja akachukua chakula chake kimeiva.

Konrad alipolirithi duka kwa mjomba wake alikuwa kijana mgeni, hajui lolote. Jumapili yake ya kwanza akafungua mlango wa tanuri kabla ya wakati, achungulie tu. Pudini zote za mtaa, zilizokuwa zimetuna kama mashavu ya mpiga tarumbeta, zikanywea palepale. Siku ile mtaa mzima ulitafuna soli ya kiatu. Wanawake walimjia juu, wakamkemea, wakamfundisha, wakacheka hata machozi yakawatoka. Tangu hapo akawa mtu wao. Wakati ule Selina alikuwa bado anafunga nywele zake mikia miwili, lakini alikikumbuka kile chumba kilivyojaa mvuke na makelele, na yule kijana amesimama katikati, mwekundu mpaka masikioni, hajui acheke au akimbie.

Sasa alikuwa mwanamke mzima, anafua katika nyumba za matajiri, na alilotamani halikuwa kubwa. Alitamani kuwa upande wa ndani wa ile kaunta. Aamke alfajiri na harufu ya hamira, na siku za Jumapili ayapokee masinia ya wenzake.

Alipoingia nyumbani alimkuta mama yake ameshaiweka nyama kwenye sufuria.

"Mama, unafanya nini?"

"Nachemsha."

"Nyama ya mbavu? Unaichemsha kama kabichi?"

"Selina, usinichoshe." Mama hakugeuka. "Muulize baba yako."

Amos Thirkell alikuwa ameketi karibu na moto, soksi zake zikikauka. Alikuwa kuli wa bandarini, mtu mpana wa maneno machache. Alitoa kiko mdomoni.

"Jana jioni Skelton katuita," alisema. Skelton ndiye alikuwa nyapara. Kila asubuhi alisimama langoni, makuli wakajipanga mbele yake kama ng'ombe mnadani, akawanyooshea kidole aliowataka. Waliobaki walirudi nyumbani mikono mitupu. "Kasema amesikia wako watu wanaomlisha Mjerumani. Kasema mwenye sinia kwa Lorch leo, kesho asijisumbue kuja langoni."

"Na wewe ukasema nini?"

"Ningesema nini? Mimi sina ugomvi na mtu anayekanda unga. Ugomvi wangu ni na njaa."

"Baba, juma zima mgongoni umebeba nini?"

Amos alirudisha kiko mdomoni.

"Sukari," alisema Selina. "Sukari ya Hamburg. Magunia yana maandishi ya kwao, wewe mwenyewe ulinionyesha. Skelton anahesabu magunia anachekelea. Yaani sukari yao haina vita, tanuri la Konrad ndilo lina vita?"

"Punguza sauti," mama alisema. "Kuta hizi ni karatasi."

"Wasikie. Bi Maltby anasema Konrad alikuwa juu ya paa anaita meli. Ngazi niliishika mimi."

Mama akageuka sasa, kijiko mkononi. Baba akamtazama binti yake kwa muda mrefu, si kwa hasira, bali kama mtu aliyeamka akakuta mtoto wake amerefuka.

"Ndivyo mambo yalivyo?" aliuliza.

"Ndivyo yalivyo, baba."

Mama alitazama sufuria, akamtazama mumewe. Kisha akaitoa nyama majini, ilikuwa haijapata moto bado, akaikausha kwa kitambaa. Akashusha sinia la bati ukutani, akapanga viazi, akavunja mayai. Alipomaliza aliliacha sinia mezani.

"Mimi sikukutuma," alisema. "Akiuliza mtu, sikukutuma."

Selina alilifunika sinia kwa kitambaa cheupe akatoka. Siku nyingine za Jumapili saa kama ile, mtaa ulikuwa msafara, wanawake na masinia yao kiunoni, wanatukanana kwa mapenzi: wewe nyama yako imekonda kama mumeo, wewe viazi vyako vina macho kuliko polisi. Leo alikuwa peke yake. Mapazia yalitikisika. Watoto wawili walimfuata nyuma wakiimba kejeli ya Wajerumani, "Mla soseji! Bibi wa mla soseji!"

Mbele ya duka alisimama polisi wa zamu, kijana wa palepale mtaani, ambaye kila siku alikula andazi la Lorch kwa deni.

"Kuna nini humo, Selina?"

"Chakula."

"Fungua."

"Wewe una wazimu? Hujawahi kuona viazi?"

Polisi akafunua kitambaa kwa ncha ya rungu. Akaviona viazi. Akavifunika tena, masikio yamemwiva.

"Usinitazame hivyo. Nami natumwa tu."

"Kila mtu mtaani humu anatumwa," Selina alisema, akaingia.

Ndani kulikuwa na joto la kupendeza na ukimya wa kutisha. Konrad alikuwa amepaka chokaa mpya ukutani. Meza ndefu ya kuwekea masinia ilikuwa imesuguliwa mpaka mbao zikang'aa, na juu yake hapakuwa na kitu. Aliposikia kengele ya mlango alitoka mbio, na alipomwona ni yeye, akachungulia nyuma yake.

"Uko peke yako?"

"Niko na hili."

Alilipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akalisukuma ndani ya tanuri lililotosha mtaa mzima. Sinia lilionekana dogo humo ndani, kama kiatu kilichosahauliwa ukumbini. Akafunga mlango.

"Leo usichungulie," Selina alisema.

Akatabasamu, lakini kidogo tu. Wakaketi kwenye benchi wakingoja, wameacha nafasi ya mtu mmoja kati yao, kwa kuwa polisi alikuwa dirishani.

"Kwetu sasa hivi miti ya micheri inataka kuchanua," Konrad alisema. "Lakini unajua ajabu? Nikienda kwetu wananiita Mwingereza. Mara ya mwisho dada yangu alinicheka ninavyokunywa chai." Akatazama meza yake tupu. "Mimi si kwetu ninakotamani, Selina. Natamani zile kelele. Bi Maltby akinipigia ukelele kwamba nimemuunguzia viazi. Kila Jumapili alisema nimemuunguzia, na kila Jumapili alirudi."

"Usiende."

"Sinia moja halifanyi duka."

"Leo moja. Wengine wanaogopa tu kutangulia."

"Baba yako alikuwa akipita hapa kila Jumapili baada ya kula, unakumbuka? Anavuta kiko pale mlangoni. Anasema, 'Leo umejitahidi, Mjerumani.' Basi. Hasemi zaidi." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Leo akila chakula hiki, akaja akaniambia neno hilo mbele ya watu, sifungi virago. Niko tayari kula mikate yangu mwenyewe mwaka mzima. Lakini asipokula hata yeye, nitabaki kwa ajili ya nani? Kwa ajili yako? Nikuoe ili nawe wakutemee mate?"

Selina alitaka kusema ndiyo, hata hivyo. Harufu ya nyama ilikuwa imeanza kujaa chumbani.

Pudini ilitoka imetuna, ya dhahabu, haina dosari. Selina alilibeba sinia la moto kwa vitambaa viwili, na mtaa mzima harufu ikamfuata. Milango iliyofungwa asubuhi ilikuwa wazi sasa, kidogo kidogo. Bi Maltby alisimama kizingitini kwake, na nyuma yake ndani mlinuka nyama ya kuchemsha.

"Inanukia, Selina," alisema. "Angalia tu isiwe na baruti." Lakini macho yake yalilifuata lile sinia mpaka mwisho, na hayakuwa macho ya dhihaka. Yalikuwa macho ya njaa.

Nyumbani sahani zilikuwa tayari mezani. Baba alikuwa ameketi mahali pake, amevaa koti lake la Jumapili. Selina aliliweka sinia mbele yake. Kwa desturi yao baba ndiye hukata nyama. Mpaka akate, hakuna mkono unaogusa kitu.

Mama aliinuka kwenda kuvuta pazia, maana ng'ambo ya barabara watu walikuwa wamesimama, na wanaume waliotoka kilabuni nao walikuwa wamesita hapo, wanatazama.

"Liache wazi, mama," Selina alisema.

Mama akasimama na ncha ya pazia mkononi, akaiachia, akarudi kuketi.

Mvuke ulipanda ukamgusa Amos usoni. Mikono yake, ile mipana ya kubebea magunia, ilikuwa chini ya meza. Alitazama nyama, kisha akatazama dirisha, kisha nyama tena. Selina alichukua kisu, akakigeuza mpini uelekee kwa baba yake, akakiweka karibu na sahani yake.

"Baba," alisema, "tukatie."

Nje mtu alikohoa. Mafuta yalianza kuganda pembeni mwa sinia, meupe, na ile pudini iliyotuna ikaanza kushuka polepole katikati.

"Baba. Tukatie."