Nguzo za Esther-Divine

Bulaimu seremala alinichagulia mabaki ya mbao za vitanda, akataka kuyapaka rangi. Kipande kimoja alikuwa ameshakichora madirisha. Nikamwomba aache. Kipande chenye dirisha ni nyumba tu. Kilicho kitupu mtoto anaweza kukifanya kuku, jiko, hata padri. Nilichukua vilivyonyooka, nikavisugua kwa msasa, nikampelekea binti yangu Esther-Divine uani kwetu, hapa Kabambare.

Mume wangu Déo alicheka. Alikuwa anafunga mizigo kwenye pikipiki ili arudi Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu.

"Mama Esther! Mimi nilimuletea mutoto motokari ya plastiki, wewe unamuletea kuni?"

"Motokari yako inajua kazi moja," nikamjibu. "Ngoja uone kuni."

Esther alikuwa amemaliza likizo huko Salamabila kwa baba yake. Alisimamisha vipande viwili viwili, akalaza vingine juu, ikawa njia ndefu yenye paa, akarundika udongo juu yake. Mwisho wa njia hiyo, kwa ndani, akaanzisha nyingine, fupi. Akaokota vijiwe, akaviingiza kimoja kimoja akivitaja: papa, yaani baba yake, Salomon, Pitchou. Pitchou ni mdogo wake Déo, na Salomon ni mchimbaji mwenzao. Nilikuwa natabasamu. Kisha akaanza kung'oa nguzo za njia ndefu na kuzipeleka kwenye ile fupi.

"Unafanya nini, mama?" nikamuuliza.

"Hii ni shimo ya zamani. Tunatoa miti yake, tunaweka mu shimo mupya. Papa anafanya hivi."

"Na ya zamani haitaanguka?"

"Papa anasema imeshazoea kusimama."

Anayetoka shimo jipya hana mlango mwingine. Lazima apite chini ya udongo ule usio na nguzo.

"Déo, ni kweli?"

"Miti iko mbali siku hizi, Mama Esther. Kila mutu anafanya hivyo." Akachuchumaa, akang'oa nguzo moja. Paa likabaki juu. Akang'oa nyingine. Likabaki. "Umeona? Imezoea."

Aliponyoosha mkono tena, Esther akamshika kidole. "Ngoja, papa." Akaingiza mkono wake mdogo, akatoa kijiwe. "Wewe utoke kwanza."

"Na Pitchou?" nikauliza.

"Pitchou iko ndani. Papa alimuacha anachimba."

Déo hakucheka. Mkono wake ulikuwa bado hewani, haujagusa kitu, wakati njia ile ndefu ilipolala yenyewe. Haikupiga kelele. Udongo ulimiminika tu, mdomo ukaziba.

Akatoa simu, akapiga ya Pitchou. Haikupita. Akapiga ya Salomon. Haikupita. Akafungua mizigo, akaiacha chini, akaondoka na pikipiki tupu. Upande wa Salamabila mawingu yalikuwa meusi, na mvua inalainisha udongo.

Nilipiga magoti. Kijiwe cha Salomon nilikiona upesi. Cha Pitchou hakikuonekana. Nilichambua udongo kwa vidole kama mtu anayetafuta mchanga kwenye mchele, nikaurudia, nikaurudia tena.

"Mama," Esther akasema polepole, "ni mchezo."

"Najua, mama."

Sikuweza kuacha. Nilikipata kimekwama chini ya kipande cha mbao, nikakifuta kwa kitenge changu, nikakiweka pamoja na cha Salomon na cha papa. Mvua ilitufikia na sisi, ikapita. Sikupika. Kila pikipiki iliyopita barabarani niliisikiliza hadi ilipotoweka.

Jioni simu ililia.

"Wametoka wote," alisema Déo. "Pitchou ananitukana. Anasema nimetumwa na mutoto na vibao vyake."

"Na shimo?"

"Imesimama. Lakini nilitia kichwa pale mulangoni, nikasikia miti iliyobaki. Inalia, Mama Esther. Hatuingii tena. Tutaenda kukata mipya, hata kama ni mbali."

Esther aliposikia alichukua vipande vyake, akaanza upya, safari hii nguzo zikiwa karibu karibu. Akaninyooshea kiganja ili nimpe vijiwe.

"Kesho," nilimwambia.

Nilibaki kando yake, nimevishika vyote vitatu mkononi, hadi vikapata joto.