Ndoo ya Vumbi Uani kwa Kwamena

Watu wanasema nina mdomo. Ninao, na ndio ulioendesha mazishi ya kaka yangu Kwamena hadi yakasifiwa miji ya Saltpond na Mankessim. Mazishi hayaendeshwi na wapole. Mtu wetu alikaa wiki sita kwenye barafu tukimtafutia Jumamosi inayomfaa, na nyumba yake ambayo hakuipaka rangi hata siku moja akiwa hai, tukaipaka chokaa nyeupe mara mbili.

Nyumba yenyewe iko nyuma ya bandari. Ng'ambo ya ukuta kuna lundo la mawe meusi ya kampuni ya madini, yanayosubiri meli, na upepo ukivuma, vumbi lote linashukia uani, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye kenkey tunazokula, vifuani mwa watu. Ndilo lililommaliza Kwamena. Na bintiye Kukuwa, mtoto wa miaka sita, alikuwa ameshaanza kukohoa kama yeye.

Kwa ajili ya huyo mtoto Kwamena alisumbua ofisi moja baada ya nyingine mpaka wakubwa wakatoa neno. Ndoo iwekwe uani, ina maji kidogo, ikae wazi mwezi mzima vumbi liangukie humo, kisha ipelekwe ikapimwe. Ndoo tatu mfululizo zikivuka kipimo, kampuni itajenga paa juu ya lundo lote. Ya kwanza ikavuka. Kwamena akafa. Ya pili akaitunza mkewe, Ewuresi, nayo ikavuka. Ya tatu ilibakiza siku tano tulipofika mimi na dada zangu na mafagio yetu.

Sasa niambie wewe. Ua umefagiliwa, kuta nyeupe pee, turubai zimefungwa, halafu katikati, juu ya stendi ya chuma, ndoo ya maji meusi tii.

"Ewuresi, huu uchafu wa nini hapa?"

Alikuwa ameketi mlangoni na kaniki yake ya ujane. "Wifi, hiyo ndiyo ya kipimo. Naomba isiguswe. Zimebaki siku tano tu."

"Wageni wa Saltpond waje wakute kaka yangu anaagwa na maji ya mtaro?"

"Nitawaeleza mwenyewe."

"Makubwa haya. Siku hizi wajane wanahutubia wageni?" Dada zangu wakacheka, nami nikaongeza. "Ungemtunza mume kama unavyotunza ndoo, leo tungekuwa tunakula naye."

Akajifunika uso kwa kaniki. Nilijua nimempiga pabaya, na sitawadanganya, nilifurahi. Miaka kumi na miwili yule mwanamke alikuwa na kaka yangu, na miaka yote hiyo Kwamena akija kwangu haketi, anaangalia saa. Sasa alikuwa wangu tena, maiti au la, na mazishi yake yangekuwa kama nitakavyo.

Nikaimwaga. Nikaisugua kwa mchanga na sabuni mpaka ikang'aa, nikatia maji safi, nikairudisha pale pale kwenye stendi. Nilijiambia vumbi la mtaa ule halina haya, siku tano litajaza. Ewuresi alisimama mlangoni akitazama maji meusi yanavyoingia ardhini, mkono mdomoni.

"Na ukimwambia mtu," nikamwambia kwa sauti ya chini, "ukumbuke nyumba hii ni ya ukoo wetu. Arobaini ya mazishi ikiisha, tutakaa tuamue nani anabaki na nani anafunga virago."

Mazishi yakafana. Jumanne yake akaja Ebo Quansah, kijana wa mtaa ule anayesimamia vipimo, na mfuniko wake na karatasi zake.

"Haikuguswa, mama?"

"Nani aiguse?" nikamjibu.

Akamtazama Ewuresi. Ewuresi akatazama miguu yake. Ebo akafunika, akaandika, akaondoka nayo.

Majibu yalisomwa kwenye uwanja wa kanisa, mtaa mzima umekusanyika. Bwana wa kampuni, shati limepigwa pasi, akainua karatasi. Ya kwanza imevuka. Ya pili imevuka. Ya tatu iko chini kabisa ya kipimo. "Na mliopima ni ninyi wenyewe," akasema, anatabasamu. "Kwa hiyo paa halina sababu."

Watu wakaguna. Ebo akasimama, jasho linamtoka. "Hii haiwezekani. Mwezi ule upepo ulikuwa mkali kuliko yote. Kama kuna aliyeigusa ndoo aseme tu, hakuna atakayemlaumu. Tunaifuta, tunaanza upya. Ni miezi mitatu tu."

Miezi mitatu tu. Maneno matatu yangetosha: niliimwaga mimi, nisameheni. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini wazee wa ukoo walikuwa mstari wa mbele, na dada zangu, na wale wa Saltpond waliokuwa wakinipongeza bado. Nikayameza.

Ndipo Ewuresi akasimama na Kukuwa begani. "Iliguswa," akasema. "Ilimwagwa, ikaoshwa."

"Na nani?" akauliza Ebo.

Hakutaja jina. Alinitazama tu, hana hasira, ananiomba. Watu wote wakageuka kufuata macho yake yalipoishia.

"Jamani, mhurumieni," nikasema. "Ana machungu. Tangu amlaze mume kaburini anaongea peke yake. Juzi alikuwa anazungumza na jiko."

Wakacheka. Si wote, lakini walitosha. Bwana wa kampuni akacheka kwa adabu, akakunja karatasi. Mzee wa ukoo akamwashiria Ewuresi aketi, naye akaketi. Ebo akaniuliza tena mbele ya watu, "Mama, una hakika?" Nikasema nina hakika. Akaandika.

Tulirudi nyumbani pamoja, maana njia ni moja. Ewuresi alitangulia, mtoto mgongoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na majibu ninayo, lakini hakuna tusi lililokuja.

Kukuwa ndiye aliyegeuza shingo. "Shangazi, wanaanza kujenga lini paa la baba?"

"Mwulize mama yako," nikasema.

"Nilimwuliza. Kasema nikuulize wewe."

Nikamwambia mwakani. Akaniuliza mwakani ni siku ngapi, na kabla sijamjibu kikohozi kikamshika, kile kile cha Kwamena, kirefu, hadi mama yake akasimama katikati ya njia akamshusha na kumwinamisha. Alipomaliza kukohoa, mtoto akajifuta mdomo kwa kiganja, akakiangalia, kisha akakinyoosha kunionyesha. Kilikuwa cheusi.