Namba Nyeupe kwenye Shokapu

Lori lilirudi nyuma bila kuangalia, na pikipiki ya mkunga, iliyoegeshwa kwa adabu zote pembeni mwa duka la dawa, ikapondwa mbele yote. Shokapu zilipinda, rimu ikakunjika, taa ikasagika. Dereva aliomba radhi, polisi wakaandika na kupiga picha, na kampuni ya bima ikasema mkaguzi angefika Alhamisi, mpaka hapo mtu asiguse chochote. Mkunga akaipakia kwenye mkokoteni, akaipeleka kwenye gereji ya mdogo wake.

Hapo ndipo alipokosea. Mdogo wake huyo, Nyundo kwa jina la mtaani, hawezi kupita karibu na kitu kilichopinda akakiacha. Ukimkaribisha chai, kabla kikombe hakijaisha mlango wako uliokuwa ukilia umeshanyamaza. Mtu wa namna hiyo unamwachia pikipiki iliyovunjika, unamwambia aitazame tu?

Jumatano mkunga alirudi kutoka kuzalisha, kwa miguu, nyayo zikimwaka moto, akaikuta pikipiki imesimama inang'aa.

"Nyundo! Nilikwambia nini?"

"Nisiiguse."

"Na wewe?"

"Nimeigusa kidogo tu, dada. Utazunguka kwa wajawazito kwa miguu mpaka lini?"

Alikuwa na maneno ya kumpa, tena makali. Kisha akaona pembeni kitu kimefunikwa turubai, akafunua. Ilikuwa pikipiki ya Nyundo mwenyewe, ile aliyoiunganisha kwa miaka sita, nati moja moja. Sasa ilikuwa juu ya matofali, haina shokapu za mbele, haina gurudumu, haina taa. Akairudishia turubai taratibu.

"Bima italipa," alisema, "na hii itasimama tena. Usiponiona nimefanikiwa, usiniite dada."

Alhamisi mkaguzi akaja, kijana mwembamba mwenye suruali iliyopigwa pasi ikapigika, faili kwapani. Aliizunguka pikipiki ya mkunga mara mbili.

"Mama, hii ni nzima kuliko yangu."

"Juzi haikuwa nzima."

"Wote husema hivyo. Kuna watu pikipiki zao zinagongwa midomoni tu." Akafungua kalamu. "Nikiandika ninachokiona, madai yanafutwa, na jina lako linabaki kwenye orodha mbaya."

Nyundo akasogea mbele. "Kosa ni langu, mkubwa. Yeye hayumo."

Mkunga hakubabaika. Amewahi kuwatuliza ndani ya chumba kimoja mama anayepiga mayowe, mume aliyezirai na bibi anayetoa amri, sembuse kijana mwenye faili.

"Nyundo," alisema, "leta gunia."

Miaka ya nyuma mteja mmoja alimsingizia Nyundo kuwa amemwibia kabureta, na habari ikasambaa mtaa mzima. Tangu hapo, kila anachokifungua kwenye pikipiki hukiandika kwa rangi nyeupe, namba ya pikipiki kilikotoka na tarehe, kisha hukiweka kwenye gunia mpaka mwenyewe aje. Wateja humcheka kwamba anavibatiza vyuma. Yeye huwaacha wacheke.

Mkunga akamwaga gunia sakafuni, akavipanga vyuma kimoja kimoja kwa mikono yake iliyozoea kutoharakisha kitu. Taa iliyosagika, rimu iliyokunjika, shokapu mbili zilizopinda, zote zikiwa na namba ya pikipiki yake. Kwenye taa kulikuwa na mkwaruzo wa rangi ya buluu.

"Lori lilikuwa rangi gani kwenye picha za polisi?"

Mkaguzi akapekua faili. Akachuchumaa. Alikaa pale muda mrefu akilinganisha, na aliposimama sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sawa, imegongwa kweli. Lakini hivi vilivyofungwa sasa vimetoka wapi? Risiti iko wapi?"

"Risiti haipo, mkubwa," Nyundo alisema kwa aibu.

"Ipo," mkunga alisema. Namjua huyu tangu anatambaa, aliwaza, hawezi kufungua chuma asikiandike, hata kiwe chake. "Baba, chungulia upande wa ndani wa shokapu."

Mkaguzi aliitazama suruali yake, akaitazama sakafu yenye oili, akapiga magoti. Akamulika kwa simu. Namba nyeupe ilikuwapo, na tarehe ya jana.

"Hii si namba ya pikipiki hii. Ni ya nani?"

Mkunga akavuta turubai.

Mkaguzi aliisoma namba kwenye kibao cha ile pikipiki iliyokaa juu ya matofali. Akaisoma tena kwenye shokapu. Kisha akamgeukia Nyundo, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa.

"Umeivunja yako?"

"Watoto hawangoji Alhamisi, mkubwa."

Kijana akapiga picha nyingi, akaandika ukurasa mzima. "Kosa la kutengeneza kabla ya ukaguzi nitaliandika, maana lipo," alisema. "Lakini madai haya nitayapigania mwenyewe. Ufundi tu ndio hawatalipa."

"Ufundi sijaudai," Nyundo alijibu.

Wiki ya tatu madai yakapita, na spea mpya zikafika ndani ya maboksi. Nyundo alikwenda na spana yake moja kwa moja kwenye pikipiki ya dada yake. Mkunga akakaa juu ya kiti cha pikipiki, hakutaka kushuka.

"Vipya funga kwako."

"Dada, bima ni yako!"

"Na pikipiki ni yangu. Shokapu hizi nimeshazizoea, nawe usinisumbue, nina mama ananisubiri."

Nyundo akaweka spana chini. Kisha akachukua kitambaa chenye petroli, akapiga magoti, akafuta namba yake. Akachovya brashi na kuandika namba ya dada yake mahali palepale, polepole, kwa mwandiko wake bora. Mkunga alilazimika kutazama barabarani, maana macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Rangi haijakauka," Nyundo alisema. "Usiiguse."

Mkunga akainama, akapitisha kidole juu ya namba. Kidole kikatoka na weupe kwenye ncha.

"Nimeigusa kidogo tu," alisema.